Kuitoa ofisi kwenye simu ya bosi: umeme, waya, barua pepe na simu kwa kampuni ndogo

Kampuni nyingi za jumla pale Kariakoo zinaendeshwa hivi: barua pepe ni ya Gmail, ilifunguliwa na karani aliyeondoka zamani. Oda zinaingia WhatsApp kwenye laini ya kijana wa mauzo. Vitabu vya hesabu vimo kwenye kompyuta moja ya mhasibu, na modemu ya faiba inaning'inia kwenye msumari juu ya ekstensheni yenye birika la chai. Biashara inakwenda, mpaka siku kijana wa mauzo anapohamia kwa mshindani akiwa na wateja wote mfukoni.

Mwongozo huu unachukua kampuni ya namna hiyo: watu 15, duka na ofisi ghorofani Kariakoo, ghala Vingunguti, meza 10 zenye kompyuta. Wa Nairobi, Mombasa au Kampala watabadilisha majina ya taasisi tu. Waya na umeme ni vilevile.

Utaratibu wa kazi ndio unaoamua kama mradi utasimama. Wengi huanza na simu mpya za mezani kwa sababu zinaonekana, kisha wanagundua swichi (kifaa kinachounganisha waya zote za mtandao) haina nguvu ya kuziwasha na umeme ukikatika ofisi nzima inakuwa bubu. Fuata mpangilio huu: umiliki, umeme, waya, intaneti, barua pepe, simu, kisha bakapu. Ukiruka umiliki na umeme, fedha utakayotumia kwa hivyo vingine haitakuwa salama.

Daftari la umiliki

Kabla ya kununua hata soketi moja, andika kila kitu ambacho kampuni inakitegemea na jina la mtu anayekishikilia: kikoa (mafundi wengi wanasema domeni), akaunti za barua pepe, namba za simu, mkataba wa faiba, programu ya hesabu, kurasa za Instagram na Facebook, nywila ya ruta, nywila ya kinasa cha kamera. Kwa kila kimoja uliza maswali matatu: kimesajiliwa kwa jina la nani? Nani analipa, na lini? Nywila ikipotea, ujumbe wa kuirejesha unakwenda kwa nani?

Kwenye kikoa ndiko kuna mitego mibaya zaidi. Vikoa vya .co.tz vinasajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa (Kenya, .co.ke iko chini ya KeNIC). Fundi wa tovuti mara nyingi hukisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Hana nia mbaya, ni haraka tu, lakini mkigombana au simu yake ikizima, kampuni haina pa kushika. Angalia taarifa za usajili kwenye huduma ya whois. Mmiliki asiposomeka kuwa ni kampuni, dai ubadilishaji sasa, wakati bado mnasalimiana. Na barua pepe ya mawasiliano ya kikoa isiwe ndani ya kikoa hichohicho. Kikifa kwa kutolipiwa, ilani ya malipo nayo haitafika popote.

Laini za simu Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Kwa hiyo laini ya "kampuni" iliyosajiliwa na mfanyakazi ni mali yake, hata kama vocha unanunua wewe. Peleka hati za kampuni na TIN (namba ya mlipakodi) kwenye duka la mtandao wa simu, uihamishie jina la kampuni.

Nywila zote ziingie kwenye programu ya kutunzia nywila; Bitwarden inatosha. Watu wawili wawe na mamlaka kamili, asiwe mmoja. Namba za siri za dharura za akaunti kuu zichapwe, ziwekwe kwenye bahasha, zikae sefuni. Uthibitisho wa hatua mbili utumie programu ya simu, usitumie SMS, kwa sababu wizi wa kubadilishiwa laini unajulikana vizuri kote Afrika Mashariki.

Umeme kwanza

UPS (kisanduku cha betri ya dharura) ya kawaida ya VA 650 inayouzwa madukani ina betri moja ya volti 12 na Ah 7, yaani Wh (wati-saa) 84. Kwa mzigo wa wati 200 itakupa chini ya robo saa, na hiyo ni betri ikiwa mpya. Kazi yake ni kukupa muda wa kuzima kompyuta kwa usalama. Haikutengenezwa kukuendeshea ofisi.

Piga hesabu ya kabati la mtandao peke yake. Swichi yenyewe inakula kama wati 20. Kupitia waya inalisha simu 10 za wati 5, visambaza waifai 3 vya wati 12 na kamera 4 za wati 7, jumla wati 114. Ongeza ruta na modemu ya faiba (20), hifadhi ya mafaili yenye diski mbili (25) na seva ndogo ya simu (15). Unafika karibu wati 200. Ukitaka saa 4 ni Wh 800, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) inapoteza kiasi, hivyo weka Wh 950. Betri moja ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8 na Ah 100 ina Wh 1,280: inatosha na chenji inabaki. Ukichagua betri za asidi, usizitoe zaidi ya nusu ya chaji, kwa hiyo zinatakiwa mbili za Ah 100 kwa kazi hiyohiyo. Joto ndilo adui wao mkubwa. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya asidi kwa nusu. Chumba kisicho na dirisha Dar, mwezi wa pili, kinaziua mapema sana, na muuzaji ndiye anayelaumiwa.

Chagua inveta inayotoa wimbi safi. Zile za bei nafuu zenye wimbi la ngazi hufanya adapta nyingi zivume na zipate moto. Muda wake wa kubadili kutoka umeme wa gridi kwenda betri usizidi milisekunde 20. Baadhi zina kitufe au mpangilio wa "UPS" na mwingine wa "vyombo vya nyumbani". Wa pili ni wa taratibu, na ruta itajizima na kujiwasha.

Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS wala inveta hii kamwe. Inapopasha joto inavuta wati mia kadhaa hadi karibu 1,000 kwa mkupuo, na kila anayechapa risiti atazima mtandao wa wote. Hitilafu hii ni ya kawaida mno na inachukua muda mrefu kugundulika, maana inatokea kwa sekunde chache tu.

Mpe fundi wa umeme kazi ya kupima ethi (waya unaopeleka umeme ardhini) kabla ya kabati kuwekwa. Majengo mengi ya zamani yana soketi za miguu mitatu ambazo mguu wa ethi haukuunganishwa popote. Bila ethi, kinga ya radi na mishtuko ya umeme haina pa kuumwaga umeme uliozidi.

Kompyuta za mezani zibadilishwe polepole ziwe laptopu. Kila laptopu ina betri yake, na hilo linaondoa UPS kumi chini ya meza.

Waya na swichi

Hesabu ncha (sehemu za kuchomeka waya wa mtandao): meza 10 zenye ncha mbili kila moja ni 20, visambaza waifai 3, kamera 4, printa 1. Jumla 28. Kwa wastani wa mita 25 kila ncha ni mita 700. Ongeza asilimia 10 ya kupotea, mita 770. Boksi la Cat6 lina mita 305, kwa hiyo nunua matatu. Kwa kanuni ya kiwango, waya kutoka swichi hadi kifaa usizidi mita 100 pamoja na vipande vya kuunganishia: mita 90 ukutani na 10 za vipande.

Kwa nini ncha mbili kwa meza wakati simu ya IP (inayotumia waya wa mtandao) ina tundu la kupitishia kompyuta? Kwa sababu kuchimba ukuta mara ya pili ni ghali kuliko waya. Ila ncha zinazowashwa mwanzoni ni chache: meza 10, visambaza 3, kamera 4, printa, ruta, hifadhi na seva ya simu, jumla 21. Swichi ya matundu 24 inatosha. Iwe inayosimamika, yenye PoE (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao) ya kiwango cha 802.3af/at na jumla ya wati 180 au zaidi. Soma jumla hiyo kwenye karatasi ya kifaa. Kuna swichi zenye matundu mengi ya PoE lakini jumla ndogo ya wati: ukipita jumla hiyo, simu unayochomeka haiwaki au kifaa kingine kinazimika, na utadhani simu ni mbovu.

Sasa waya wenyewe. Soko limejaa waya wa alumini uliopakwa shaba, wenye alama CCA kwenye ganda, au usio na alama yoyote. Kwaruza nyuzi moja kwa kisu: ukiona weupe chini ya shaba, urudishe dukani. Alumini ina ukinzani mkubwa zaidi, inapata moto ikibeba umeme wa PoE, na inakatika kwenye kiunganishi baada ya kukunjwa mara chache. Kamera ya mbali itakuwa inajizima usiku taa zake za infraredi zinapowaka, kwa sababu volti imeshuka njiani.

Mpangilio wa rangi uwe T568B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya kiunganishi. Waya wa mtandao ukae angalau sentimita 20 kutoka waya wa umeme, na zikikutana zivukane kwa pembe mraba. Ncha za ukutani ziishie kwenye soketi na za kabatini kwenye paneli. Viunganishi vya plastiki vinavyoning'inia ndivyo vinavyoharibika kwanza. Kila ncha ipewe namba ileile pande zote mbili, na fundi asiondoke kabla kila moja haijapimwa na kuonyesha gigabiti 1. Ikionyesha megabiti 100, jozi moja haijashika.

Waifai ya ofisi isitegemee modemu ya faiba. Weka visambaza vitatu darini, kila kimoja kwa waya wake, kwenye chaneli 1, 6 na 11 za GHz 2.4 kwa upana wa MHz 20, na upunguze nguvu ya kurusha hadi ya kati. Fundi akikuambia "nimeweka full", mwombe apunguze: simu ya mfanyakazi itang'ang'ania kisambaza cha mbali badala ya kuhamia cha karibu. Ghala la mabati linahitaji kisambaza ndani yake, maana mawimbi yanagonga bati na kurudi.

Kwenye swichi na ruta tenganisha mitandao kwa VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya waya na swichi zilezile): VLAN 10 kwa kompyuta, 20 kwa simu, 30 kwa wageni, 40 kwa kamera. Wageni na kamera wasione kompyuta. Kamera za bei nafuu ni mlango mzuri wa mwizi, na nyingi hazipati masasisho ya usalama.

Intaneti mbili zisizokufa pamoja

Chukua faiba yenye anwani moja ya IP ya kudumu, na laini ya pili ya 4G au 5G kutoka kampuni nyingine. Kununua faiba mbili zinazopita kwenye nguzo moja barabarani ni kulipa mara mbili kwa lori lilelile litakaloigonga nguzo hiyo. Kumbuka pia kwamba laini tofauti mjini zinaweza kukutana baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania na majirani zake wengi wakapata intaneti ya kusuasua bila kujali kampuni. Waulize watoa huduma wako wanatumia nyaya gani za baharini. Wa kampuni kubwa watakujibu.

Ruta ya MikroTik ya daraja la hEX inamudu ofisi hii. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuipangia ruta ipime uhai wa modemu iliyo jirani yake. Modemu inajibu vizuri hata kama faiba imekatwa mtaa wa pili, kwa hiyo ruta haihami. Pima anwani mbili za nje, 1.1.1.1 na 8.8.8.8, kila moja kupitia laini ya faiba, na uhame zote mbili zikinyamaza kwa sekunde 30. Kosa la pili: ruta ikishahama, miunganisho ya simu za SIP (zinazopita kwenye intaneti) inabaki imenasa kwenye njia ya zamani kwa sababu simu inaihuisha kila baada ya sekunde chache. Weka skripti fupi inayofuta miunganisho hiyo kwenye jedwali kila laini inapobadilika.

Funga Winbox (programu ya kuisimamia MikroTik) na ukurasa wa usimamizi kwa upande wa intaneti, kisha sasisha RouterOS, mfumo wa ruta hiyo. Udhaifu wa mwaka 2018, CVE-2018-14847, uliruhusu mtu wa nje kusoma nywila za ruta hizi moja kwa moja, na zisizosasishwa bado zinatafutwa.

Duka na ghala viunganishwe kwa WireGuard, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Laini za 4G kwa kawaida hazina anwani ya umma ya pekee, kwa hiyo ghala ndilo lianzishe muunganisho kuelekea anwani ya kudumu ya Kariakoo, na uweke uhuisho wa kila sekunde 25 ili njia isifungwe.

Barua pepe

Barua pepe inayokuja bure na tovuti inavutia kwa bei, lakini seva moja inabeba mamia ya wateja. Jirani mmoja akituma taka, ankara zako nazo zinaishia kwenye kasha la taka. Chukua Google Workspace, Microsoft 365 au Zoho. Ili kupunguza gharama, toa akaunti kwa wanaoandika barua kweli, pengine 7 kati ya 15. Anwani kama mauzo@ na hesabu@ ziwe makundi yanayopeleka ujumbe kwa watu husika. Hazihitaji kulipiwa kama akaunti.

Hatua za kuhama:

1. Siku mbili kabla, shusha TTL (sekunde ambazo seva nyingine zinakumbuka rekodi) ya rekodi za kikoa hadi 300. Mara nyingi imewekwa 14400 au 86400, na ukiiacha hivyo baadhi ya barua zitaendelea kwenda seva ya zamani kwa saa kadhaa hadi siku nzima.
2. Fungua akaunti na makundi yote kwenye huduma mpya kabla ya kugusa MX (rekodi inayosema barua za kikoa ziende seva gani).
3. Badilisha MX, na ufute za zamani zote. MX moja ya zamani ikibaki, barua zitapotea kwa bahati nasibu.
4. Weka SPF (rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako) moja tu. Kwa Google ni `v=spf1 include:_spf.google.com ~all`. Rekodi mbili za SPF ni kosa linalobatilisha zote. Kama programu ya hesabu au tovuti inatuma barua, iongeze ndani ya rekodi hiyohiyo, bila kuvuka utafutaji 10 wa DNS.
5. Washa DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye kila barua) ya biti 2048. Paneli nyingine hazipokei zaidi ya herufi 255 kwa mfululizo. Gawa ufunguo katika vipande viwili vyenye alama za kunukuu.
6. Weka DMARC (rekodi inayosema barua zilizofeli vipimo hivyo zifanywe nini) ikiwa na `p=none` na anwani ya kupokea ripoti. Zisome wiki tatu hadi nne, ndipo upandishe hadi `quarantine`, mwishowe `reject`.

Jaribu kwa kutuma ujumbe kwenda Gmail binafsi na kufungua chanzo cha ujumbe: SPF, DKIM na DMARC zote zisome PASS.

Barua za zamani zihamishwe kwa zana ya uhamishaji ya huduma yenyewe. Ukiziburuta kwa mkono kwa Thunderbird kwenda Google, kikomo cha kupakia kwa IMAP ni MB 500 kwa siku, hivyo kisanduku cha GB 8 kitakula siku 16. Akaunti ya zamani ya Gmail usiifunge. Iweke ielekeze barua kwenye anwani mpya kwa miezi sita, maana kuna msambazaji wa Guangzhou au Dubai ambaye hatasoma tangazo lako.

DMARC inazuia mtu kutumia jina la kikoa chako, lakini haizuii kikoa kinachofanana nacho kwa herufi moja. Barua yoyote inayosema "tumebadilisha akaunti ya benki" ithibitishwe kwa kupiga namba iliyo kwenye faili la zamani. Namba iliyo kwenye barua hiyo usiipige.

WhatsApp na simu ya ofisi

Namba ya oda ihamie WhatsApp Business kwenye simu ya kampuni inayokaa kaunta kwenye chaja. Unaweza kuunganisha vifaa vinne, hivyo wauzaji wanajibu kutoka kompyuta zao. Simu kuu isipotumika kwa siku 14, vifaa hivyo vinatolewa. Weka PIN ya hatua mbili na uiandike kwenye daftari la umiliki.

WhatsApp Business inakubali pia namba ya mezani, kwa kuthibitisha kwa simu ya sauti. Hapo wengi wanakwama: simu ya uthibitisho inapokelewa na menyu ya "bonyeza moja", namba ya uthibitisho inasomwa kwa menyu, na hakuna anayeisikia. Zima menyu kwa dakika kumi, pokea kwa mkono, kisha uirudishe.

Kwa simu za ofisi, omba laini ya SIP kutoka kampuni yenye leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), yenye njia nne kwa wakati mmoja. Usikubali fundi akuletee kisanduku cha laini nyingi za simu bila idhini ya mtandao husika. Vifaa vya aina hiyo ndivyo vinavyotumika kukwepesha simu za kimataifa, na wanaokamatwa navyo hupelekwa mahakamani.

Seva ya simu iwe ndani ya ofisi au kwenye wingu? Tunapendelea ndani kwa kampuni ya ukubwa huu. Intaneti ikikatika, namba za ndani zinaendelea kupigiana. Programu ya seva ya simu FreePBX 17 juu ya Debian 12, kwenye kompyuta ndogo isiyo na feni yenye RAM ya GB 4 na SSD, inabeba simu hizi bila jasho. Simu moja kwa kodeki (namna ya kufungasha sauti) ya G.711 inahitaji kama kbps 87 kila upande pamoja na vifungashio vya mtandao. Nne ni kbps 350. Kasi kwa hiyo si tatizo. Tatizo ni foleni: mhasibu akipakia faili kubwa, sauti inakatika. Zipe simu kipaumbele kwenye ruta (alama ya DSCP 46) na upunguze kasi ya kupakia ya jumla hadi asilimia 90 ya ile halisi, ili foleni itengenezwe kwenye ruta yako, ambako unaitawala. Vipimo vya kulenga: ucheleweshaji chini ya milisekunde 150 upande mmoja, mtikisiko chini ya 30, upotevu chini ya asilimia 1.

Namba za ndani ziwe tarakimu tatu: 101 mapokezi, 110 mauzo, 120 hesabu, 130 ghala. Menyu ya sauti isizidi chaguo tatu, na mteja asiyebonyeza kitu apelekwe kwa mtu baada ya sekunde 10. Mteja wa jumla anayepiga kutoka Mbeya hana subira ya kusikiliza muziki wako.

Matatizo matatu yatajitokeza karibu kwa hakika, na kila moja lina dalili yake. Sauti inasikika upande mmoja tu: zima SIP ALG (kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa SIP) kwenye ruta, na uhakikishe seva imeandikwa anwani ya umma na mitandao ya ndani. Simu inakatika kwenye sekunde ya 32 kila mara: ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa haufiki, na chanzo ni kilekile: NAT, yaani ruta kubadilisha anwani za ndani kuwa ya umma. Simu ndefu zinakatika kwenye dakika 15 au 30 kamili: ni saa ya kikao cha SIP, na mtoa huduma na seva havijakubaliana.

La nne ndilo ghali. Mlango 5060, unaotumiwa na SIP, ukiwa wazi kwa dunia nzima, roboti zitaukuta ndani ya saa chache na kuanza kubahatisha nywila. Wakipata, wanapiga namba za malipo makubwa nje ya nchi usiku wa Jumamosi. Ruhusu anwani za mtoa huduma pekee. Mfanyakazi wa nje apitie WireGuard. Funga simu za kimataifa kwa wote isipokuwa wenye PIN, na umwombe mtoa huduma aweke kikomo cha matumizi kwa siku.

Kompyuta, mafaili na sheria

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu: i5-8250U inakubalika, i5-7200U haikubaliki. RAM iwe GB 8 kwenda juu na diski iwe SSD. Laptopu zilizotumika kutoka Uingereza na Dubai ni biashara nzuri, ila kabla ya kulipa ziwashe upya mbele ya muuzaji ukiwa na intaneti. Ikikudai akaunti ya kazi ya kampuni usiyoijua, bado imefungwa na mmiliki wa awali. Na usikubali Windows iliyofunguliwa kwa programu za wizi. Hizo ndizo zinazobeba virusi vinavyofunga mafaili.

Hifadhi yenye diski mbili zinazonakiliana inakukinga na diski kufa. Haikukingi na mtu aliyefuta, mwizi, au virusi, kwa sababu kosa linanakiliwa papo hapo. Weka nakala za hali ya mafaili ya kila siku zinazohifadhiwa siku 30, nakala iliyofichwa kwa ufunguo kwenye wingu, na diski ya nje inayolala Vingunguti na kubadilishwa kila Ijumaa. Programu ya hesabu usiinakili ikiwa wazi. Tumia amri yake yenyewe ya bakapu, la sivyo utakuwa na faili lisilofunguka.

Orodha za wateja na picha za kamera ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na wanaokusanya taarifa wanajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya inayo ya 2019, inayotaka uvujaji uripotiwe ndani ya saa 72.

Kuhama na kujaribu

Hama Jumamosi jioni hadi Jumapili. Epuka wiki ya tarehe 20, mhasibu anapowasilisha ritani ya VAT, na epuka siku za kuhesabu mali ghalani. Mifumo ya zamani ibaki hai kwa wiki mbili.

Jumapili mchana fanya majaribio haya fundi akiwapo. Chomoa faiba wakati simu moja inaendelea: simu hiyo itakatika, na hilo ni sawa, lakini ya pili lazima itoke ndani ya dakika moja. Zima swichi kuu ya umeme kwa saa nzima, uone betri imebaki na nini. Futa folda moja kwa makusudi na uirejeshe kutoka kila bakapu, siyo moja tu. Piga simu kutoka mitandao yote minne mikubwa. Kuna wakati namba mpya haijafunguliwa kwa mmoja wao, na wateja wa mtandao huo wanaambiwa haipo. Mwambie mmoja wa wale wawili wenye mamlaka kamili afungue kila akaunti bila msaada wa mwenzake.

Asilimia 20 ya mwisho ya malipo ya fundi itoke akishakabidhi mchoro wa ncha zote, faili la mipangilio ya ruta na swichi, na nywila zote. Mbele yake, zibadilishe.